MPigs: Kiswahili Kiite Nini?

Neno MPigs lilivuma Kenya mwaka 2013. Tarehe 14 Mei mwaka huo, waandamanaji wakiwa na mwanaharakati Boniface Mwangi waliachilia nguruwe na kumwaga damu nje ya Bunge, Nairobi. Tume ya mishahara ilikuwa imewapangia wabunge takriban shilingi 532,000 kwa mwezi. Wao walidai 851,000. Waliolibuni neno waliunganisha MP, yaani mbunge, na pig, nguruwe.

Kulifasiri ndiyo kazi. Ukiandika "wabunge nguruwe", msomaji wa Lamu husikia unajisi kwanza, kwa kuwa kwake mnyama huyu ni haramu. Msomaji wa Nakuru husikia jingine. Huku Bahati na Njoro nguruwe ni karo ya watoto, na mfugaji huhesabu mimba ya mnyama huyo kwa kichwa: miezi mitatu, wiki tatu na siku tatu. Haoni aibu kumtaja. Anachokijua ni saa ya kulisha. Pumba zikimwagwa kihorini, nguruwe mkubwa hupiga bega, huingiza miguu miwili ya mbele ndani ya chakula, na wadogo hubaki wakilia pembeni.

Maana ya MPigs imo kihorini humo: mwenye nguvu kuwasukuma wanyonge mbali na chakula cha wote. Kiswahili kina neno lake tayari, kwani Wakenya husema kiongozi "amekula" bila kutaja chakula. Kwa hiyo katika habari na ripoti, "wabunge walafi" inatosha na inaeleweka Lamu hadi Molo. Pale mfasiri anapotaka kubakiza mchezo wa maneno, napendekeza "mbunguruwe", wingi "wabunguruwe": maneno mbunge na nguruwe yameshikana, na kiambishi cha mtu kimebaki mbele.

Kiambishi hicho nakishikilia kwa sababu. Wahenga walisema mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa mwanadamu mchungu. Ukishamwita mtu mnyama, umeanza kuutia mkuki utamu. Bonde la Ufa tunalijua hilo. Majirani waliitwa "madoadoa" ya kuondolewa, na Januari 2008, katika ghasia za baada ya uchaguzi, Nakuru ikashuhudia nyumba zikichomwa na watu wakiuawa. Mwaka 2022 Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ililiweka neno hilo katika orodha ya maneno ya chuki.

Basi mpaka wa matumizi uwe wazi. Mbunguruwe ni jina la tendo linalofanywa na mwenye cheo, na cheo huvuliwa kwa kura. Kabila halivuliwi. Siku neno hili litakapoelekezwa kwa jamii ya mbunge, au kwa jirani aliyempigia kura, litakuwa limehama kihorini na kuingia safu moja na madoadoa, na mwandishi yeyote wa Nakuru ana wajibu wa kulikataa.