Mwanya wa Vali

Bodaboda inayopanda Buswelu kutoka Nyakato ikianza kugonga juu ya silinda, ushauri wa kijiweni huwa mmoja: "Kaka, tapeti zinalia hizo, kampe fundi azikaze." Kauli hiyo inaeleweka, lakini neno "kukaza" limeua injini nyingi. Tapeti zilizokazwa mpaka zikanyamaza ni hatari kuliko zinazolia.

Kinachorekebishwa pale ninapendekeza tukiite mwanya wa vali: upenyo mdogo ulioachwa makusudi kati ya ncha ya shina la vali na skrubu ya roka inayoisukuma, vali ikiwa imefunga na injini ikiwa ya baridi. Wapo wanaosema "uwazi wa vali", lakini vali nayo hufunguka, na mwanafunzi atadhani tunapima kiasi inachofunguka. "Nafasi" ni pana mno, na "ulegevu" unataja kasoro. Mwanya ni mwembamba, hukaa kati ya vitu viwili vinavyokaribiana, wala si ubovu: mwenye mwanya kwenye meno ya mbele husifiwa uzuri. Neno hilohilo linatosha kwa plagi, na vitenzi vyake viko tayari: mwanya hupimwa, hupanuka, huziba.

Kwa nini uwepo? Chuma kikipata moto hurefuka. Shina la vali likirefuka bila pa kwenda, vali haikalii kiti chake sawasawa. Vali ya moshi ndiyo huumia zaidi, kwa sababu sehemu kubwa ya joto lake huliacha kwenye kiti kila inapofunga. Isipofunga vizuri, haipoi, na gesi ya moto hupenya pembeni na kuunguza ukingo wake. Dereva ataona pikipiki inagoma kuwaka ikiwa ya moto na mgandamizo umepungua, ilhali hakuna mlio uliomwonya. Mwanya ukipanuka kupita kiasi, vali huchelewa kufunguka, nguvu hupungua mlimani, na roka hugonga na kulika.

Chukua injini ya Honda CG125 ya mwaka 1976, ambayo muundo wake uliigwa na pikipiki nyingi za Kichina zilizojaa barabarani kwetu. Haina mnyororo wa kupeleka mzunguko juu. Kemu, yaani mhimili unaoamuru vali zifunguke, imekaa chini, na fimbo mbili ndizo zinazosukuma roka, kwa hiyo kazi hii inafanyika nyumbani kwa spana na bisibisi. Mwanya wake ni milimita 0.08 kwa vali zote mbili. Injini nyingine zina vipimo vyake. Fuata kitabu cha pikipiki yako.

Pima alfajiri, kabla ya abiria wa kwanza, maana injini iliyolala usiku kucha ndiyo ya baridi kweli. Fungua plagi ili injini izunguke kwa urahisi, toa mfuniko wa roka na wa sumaku, kisha zungusha mpaka alama ya T iliyo kwenye sumaku ilingane na alama ya kwenye kasha. Tikisa roka zote mbili kwa vidole. Zikiwa zinacheza kidogo, uko mahali sahihi. Moja ikiwa imebana, zungusha duara moja zaidi, kwani kwa kila mzunguko kamili wa kazi T hupita mara mbili.

Ingiza fila, yaani kibamba chembamba cha kupimia mwanya, ya milimita 0.08. Ipite huku ikikwaruza kidogo, kama inayoshikwa bila kuzuiwa. Isipopita, au ikipwaya, legeza nati, geuza skrubu, ishikilie isizunguke, kisha kaza nati. Hapo ndipo kukaza kunapohusika: ni nati inayokazwa. Pima tena, kwa sababu nati ikikazwa huweza kuusogeza mwanya. Asiye na fila huazima wembe, lakini wembe una unene wa karibu milimita 0.1, hivyo utaacha mwanya mkubwa kuliko unaotakiwa.

Ningependa kijana anayejifunza ufundi chini ya mwembe Buswelu na mwenzake aliye chuo cha ufundi cha VETA Nyakato watumie istilahi moja. Fundi akimaliza, aandike kwenye karatasi na kuibandika chini ya siti: "Mwanya wa vali 0.08, injini baridi", pamoja na tarehe. Fundi atakayefuata atajua anapima nini, wala hatashawishika kukaza mpaka kimya.