Bata wa Ayeeyo

Agosti 2009, karani wa sensa alikalia mtungi uliopinduliwa uani kwetu, Bula Iftin, mjini Garissa, akamuuliza Ayeeyo, yaani nyanya yangu, ana mifugo gani. Ng'ombe? Hapana. Ngamia? Hapana. Mbuzi, kondoo, punda? Hapana. Kuku? Hapana. Karani akaendelea hadi mizinga ya nyuki.

"Andika sina mifugo," Ayeeyo akasema. Wakati huohuo bata dume alikuwa anazunguka viatu vya karani akimpulizia kama nyoka, na majike wanne walikuwa wamelala chini ya mwarobaini.

Nikamnong'oneza, "Ayeeyo, na hawa je?"

Akanitazama kama niliyemtukana. "Hawa ni ndege tu."

Karani hakuwa na kosa. Bata hakuwa kwenye orodha ya mifugo ya sensa ile. Lakini jibu la Ayeeyo lilinisumbua miaka mingi. Nilidhani ni aibu ya kizee. Kumbe ni historia, tena ndefu.

Kwa Msomali mfugaji, mali ni kitu kinachotembea. Ngamia hukaa siku nyingi bila maji, hubeba nyumba nzima mgongoni, hulipa mahari na hulipa diya ya mtu aliyeuawa. Bata ana miguu mifupi na kila siku anataka maji. Utahama naye vipi? Wafugaji wa zamani katika Pembe ya Afrika walidharau nyama ya ndege na samaki, na wasafiri wa karne ya 19 waliliandika jambo hilo. Si dini iliyokataza, maana bata ni halali. Ilikuwa ni heshima tu. Vitu vya majini waliachiwa watu wa mto Tana, Wamunyoyaya na Wapokomo, wenye mashamba na mitumbwi.

Na huyu bata wetu wa kienyeji, mwenye vinundu vyekundu usoni, hata si mwenyeji wa Afrika. Walioanza kumfuga ni wenyeji wa Marekani ya Kusini, na meli za Wazungu zikamtoa huko kuanzia karne ya 16. Kwa hivyo uani kwetu alikuwa mgeni, kama Ayeeyo mwenyewe.

Ayeeyo hakuzaliwa mjini. Alizaliwa kwenye ngamia. Desemba 1963, siku chache tu baada ya uhuru, serikali ilitangaza hali ya hatari Kaskazini Mashariki, kwa sababu wengi huko walitaka kujiunga na Somalia. Ndivyo vita vya shifta vilivyoanza. Watu walikusanywa kwa nguvu katika vijiji vyenye ulinzi, malisho ya mbali yakawa marufuku, na ngamia wengi walichukuliwa au wakapigwa risasi. Mkataba wa Arusha wa Oktoba 1967 ulimaliza vita, lakini sheria za hali ya hatari zilibaki hadi 1991. Ngamia wa baba yake Ayeeyo waliisha katika miaka hiyo. Waliobaki ni watu, na watu wakaja Garissa kukaa.

Hata hivyo hakukubali kwamba amekaa. Alinunua mbuzi wachache, akasema kwamba mvua ikija nzuri watahama. Ukame wa 1984 ukawamaliza mbuzi. Hapo ndipo jirani mmoja, mama wa Kimunyoyaya, alipomletea bata jike na mayai ndani ya karai.

"Dada, chukua. Huyu hakuombi malisho ya mbali."

Mama yangu husimulia kwamba Ayeeyo aliyaacha mayai nje hadi jioni. Kisha akamtengenezea bata mahali. Kuku huatamia siku 21, bata huyu siku 35. Alizihesabu kwa kokoto. Kaka yake, aliyebaki na ngamia wachache upande wa Dadaab, alipokuja kutembea akawaona vifaranga, akacheka sana. "Siku ya kuhama, hawa utawafunga kwa kamba gani?" Ayeeyo hakucheka.

Mwisho wa 2006 mvua kubwa zilifurika, mbu wakajaa, na Desemba homa ya Bonde la Ufa ikathibitishwa Garissa. Ugonjwa huo hushika ng'ombe, mbuzi, kondoo na ngamia, na binadamu huupata kwa damu, nyama mbichi na kuumwa na mbu. Zaidi ya watu 150 walifariki nchini. Uchinjaji ukapigwa marufuku, soko la mifugo likanyamaza, hata maziwa watu wakayaogopa. Lakini ndege hapati homa hiyo. Ayeeyo alimfungia bata siku tatu, akamlisha mahindi safi ili uchafu umtoke, akamwita mjomba amchinje. Majirani waliokuwa wakitucheka walituma watoto na bakuli. Hakumnyima hata mmoja.

Yeye mwenyewe hakula. Alitupakulia, akakaa kando na chai ya rangi. Hajawahi kumla bata hadi alipofariki.

Nikikumbuka siku ile ya sensa sasa, sioni tena mzee mwenye aibu. Kama angemwambia karani kwamba ana bata watano, angekuwa amekiri, mbele ya serikali na kwa maandishi, kwamba hatahama tena. Miaka zaidi ya arobaini alikuwa bado hajakubali hilo, na fomu ilikuwa imemuuliza bila kujua.

Mama yangu bado anafuga. Jioni huwahesabu mmoja mmoja wakiingia bandani, na ukimuuliza ana nini, atakwambia: mifugo.