Nyumba ndogo ya familia inayohama: somo kutoka Kariakoo

Ndugu mfanyabiashara, unahama na familia kufuata minada? Jifunze Kariakoo. Jina hilo limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi cha Waingereza kilichopiga kambi hapo baada ya kuiteka Dar es Salaam mwaka 1916. Baadaye zikajengwa nyumba za Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba sita hivi, uani nyuma. Familia nyingi zilipanga chumba kimoja tu. Ziliweza kwa sababu kupika, kuoga na kufua kulikuwa uani, na wageni walikaa barazani. Ndani kulibaki kitanda, sanduku, pazia na mikeka inayokunjwa asubuhi.

Nawe ukitengeneza kibanda cha kuvutwa kwa tela, ndani weka malazi na mali tu. Pikia nje, chini ya turubai. Utaokoa nafasi, na watoto hawatalala kwenye moshi.