Dola, Ngoma na Kandanda: Habari za Narung'ombe na Jirani Zake

Dola hujulikana kwa mambo mawili: kwa kile inachochukua kwa watu na kwa kile inachowaachia. Narung'ombe, kata ya Wilaya ya Ruangwa katika Mkoa wa Lindi, haina ngome wala kasri, wala haikupata kuwa makao ya mfalme. Hata hivyo, dola nyingi zimepita katika pori lake na katika nchi jirani ya Nachingwea, na kila moja iliwadai watu kitu: kodi, jasho, chakula au damu. Kwa hiyo, atakaye kufahamu jinsi timu ya kandanda ya Ruangwa ilivyosimama mbele ya Afrika nzima, na kwa nini kudumu kwake ni jambo la kutafakari, hana budi kuzitazama dola hizo kwanza.

Kabla ya Wadachi, Wamwera wa nchi hii walitawaliwa na wakuu wa koo na wa vijiji. Hapakuwa na mtawala mmoja juu ya wote. Kilichowaunganisha kilikuwa lugha, undugu, jando na unyago. Wadachi walileta maakida, majumbe, kodi na kazi za kulazimishwa. Julai 1905 watu wa Umatumbi walianzisha Vita vya Maji Maji, na baada ya muda mfupi moto ule ulifika kusini, ambako Selemani Mamba alikuwa miongoni mwa viongozi wa Wamwera. Vita vilipokwisha 1907, waliouawa kwa njaa walikuwa wengi kuliko waliouawa kwa risasi, maana mashamba na maghala yalichomwa kwa kusudi.

Haikupita miaka kumi ila Wazungu wenyewe walikuja kupigana huku. Tarehe 19 Julai 1917, jeshi la Waingereza lililotoka Kilwa lilikutana na Wadachi wa Kapteni von Liebermann hapo Narung'ombe. Kilichogombewa hakikuwa mji wala dhahabu, bali visima. Kiangazi kilikuwa kimeingia, na katika pori lile mwenye maji ndiye mwenye njia. Walipigana kutwa. Usiku Wadachi waliondoka, na Waingereza wakabaki na visima. Lakini walikuwa wamedhoofika hata hawakuweza kusonga mbele mpaka Septemba. Vitabu vya vita vimehifadhi majina ya makamanda. Askari wa King's African Rifles, askari weusi wa upande wa Wadachi, na wapagazi waliobeba risasi na unga kwa vichwa vyao, aghalabu wamehesabiwa tu.

Lakini watu hawakutoka vitani mikono mitupu. Walitoka na ngoma. Beni, iliyozaliwa pwani ya Kenya kabla ya vita, ilisafiri na askari wa pande zote mbili, ikaenea bara na kusini. Palikuwa na Marini na Arinoti, pande mbili zilizoshindana kwa mavazi, kwa paredi na kwa karamu. Kila upande ulikuwa na mfalme wake, majenerali wake, madaktari wake na hazina yake. Watawala wengine waliicheka kama maigizo, na wengine waliiogopa kama njama. Yakini yake ilikuwa hii: watu walionyimwa serikali walijifanyia serikali yao katika mchezo. Walichagua viongozi, walitoza michango, walizika wenzao. Klabu za kandanda zilipostawi mijini baadaye, kama Young Africans ya 1935 na Sunderland ya 1936, iliyoitwa Simba tangu 1971, zilikuta kwamba watu wamekwisha kuzoea kugawanyika pande mbili, kuchangia chama na kujisifia rangi.

Dola ya tatu ilikuja Nachingwea na matrekta. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza, iliyokuwa na uhaba wa mafuta ya kula baada ya Vita vya Pili, ilianza Mpango wa Karanga huko Kongwa, Urambo na Nachingwea. Kwa ajili ya kusini ilijengwa bandari ya Mtwara, na reli ikapelekwa hadi Nachingwea. Mwaka 1951 mpango ulivunjwa, na hasara yake ilikadiriwa kuwa pauni milioni 36. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli nayo ilifungwa. Kosa halikuwa katika karanga, kwa kuwa wenyeji waliilima siku zote. Kosa lilikuwa kwamba fedha, amri na maarifa yote vilitoka mbali, na vilipoondoka hapakubaki mwenyeji aliyekuwa na fungu ndani ya shauri lile. Heri iliyotokea ni kwamba viwanja vilivyoachwa vilipata kazi bora: Frelimo waliweka kambi yao Nachingwea, Samora Machel akafunza wapiganaji hapo, na mwaka 1975 Msumbiji ikawa huru.

Serikali ya Tanzania huru iliutazama mchezo kama sehemu ya ujenzi wa taifa. Ligi ya taifa ilianza 1965, na Baraza la Michezo la Taifa liliundwa kwa sheria ya 1967. Mchezo ulikuwa wa ridhaa. Mchezaji aliandikwa kazi katika shirika la umma au jeshi, akalipwa kama mfanyakazi, akacheza kama raia. Utaratibu huo uliipa mikoa ya mbali nafasi. Songea ilitoa Majimaji, timu iliyobeba jina la vita vya 1905 na kupata ubingwa wa nchi. Rungwe ilitoa Tukuyu Stars, bingwa wa 1986. Lakini mashirika yalipodhoofika na biashara ikashika usukani, timu za namna hiyo zilipungukiwa. Majimaji ilishuka daraja 2018.

Katika zama mpya kandanda imekuwa mali. Kampuni ya Bakhresa iliunda Azam FC, ikawa bingwa 2014. Mwaka 2021 Azam Media ilitia saini mkataba wa miaka kumi wa kuonyesha ligi, wenye thamani ya zaidi ya shilingi bilioni 225. Simba ilipotaka mwekezaji, serikali iliweka sharti kwamba wanachama wabaki na hisa zisizopungua 51 kwa mia. Sharti hilo lina hekima, maana linakiri kwamba klabu ni duka na pia ni jamaa.

Ndipo ilipotokea Namungo, timu ya Ruangwa. Ilipanda Ligi Kuu kwa msimu wa 2019/2020. Uwanja wake huitwa Majaliwa, kwa jina la Kassim Majaliwa, mbunge wa zamani wa Ruangwa aliyekuwa Waziri Mkuu tangu 2015 hadi 2025. Tarehe 2 Agosti 2020, huko Sumbawanga, ilifungwa na Simba 2-1 katika fainali ya Kombe la Shirikisho. Na kwa kuwa Simba ilikuwa pia bingwa wa ligi, Namungo ilipata nafasi ya kuiwakilisha nchi. Ilizitoa timu za Sudan Kusini na Sudan. Safari ya Luanda ilipovurugwa na masharti ya Korona, ilikutana na Primeiro de Agosto mara mbili Dar es Salaam: ikashinda 6-2, ikashindwa 3-1, ikapita. Katika makundi ilikutana na Raja Casablanca, Pyramids na Nkana, ikapoteza michezo yote sita.

Kushindwa huko si aibu. Jambo la kuangaliwa ni kwamba michezo ile ya nyumbani ilichezwa Dar es Salaam. Mkulima wa korosho wa Narung'ombe alisikia jina la kwao likitajwa Casablanca, lakini hakuweza kuiona timu yake ikicheza na wageni hao mlangoni pake. Siku za ligi, Simba au Yanga ifikapo Ruangwa, mama lishe, wenye nyumba za wageni na waendesha bodaboda hupata riziki. Timu ikishuka, riziki hiyo hushuka nayo.

Basi swali la Namungo ni lile lile la karanga: mfadhili akiondoka, nini kitabaki? Kiongozi ana mwisho wa kazi, na mkataba una mwisho wa miaka. Beni ilidumu miaka mingi bila mfadhili kwa sababu kila mcheza ngoma alijua alichotoa na kilichofanywa nacho. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Timu ya Ruangwa itadumu ikiwa wenyeji wake watakuwa na majina katika daftari hilo, si sauti tu katika majukwaa. Mwaka 1917 majeshi yaligombea visima vya Narung'ombe, na aliyevichimba hakuulizwa. Kisima kipya kimepatikana. Ni wajibu wa wenyeji kujua mapema ni nani mwenye kamba na ndoo.