Waliolipia Njia Kabla Haijawa ya Bure

Agosti 2009, kampuni ya TomTom ya Uholanzi iliingiza sokoni programu ya iPhone ya kumwelekeza dereva njia kwa sauti: kata kulia, nyoosha, umefika. Marekani iliuzwa kwa dola 99.99, wakati programu nyingi za simu hiyo zilipatikana kwa dola chache tu. Wanunuzi walijitokeza hata hivyo. Kwa mtu aliyezoea vifaa vya GPS vya kubandika kwenye kioo cha gari, vilivyouzwa kwa mamia ya dola, bei hiyo ilikuwa nafuu.

Hawakupata hata miezi mitatu ya kuringa. Tarehe 28 Oktoba mwaka huohuo, Google ilitangaza huduma kama hiyo kwenye simu za Android, bila malipo yoyote. Siku hiyohiyo hisa za TomTom na za mshindani wake Garmin ziliporomoka kwa zaidi ya asilimia 10.

Ughali wa huduma ile haukutoka angani. Setilaiti za GPS ni za serikali ya Marekani, na raia anayepokea mawimbi yake hatozwi chochote. Kikwazo cha mwanzo kilikuwa cha kijeshi: mawimbi ya raia yalivurugwa makusudi, hata kifaa kikaweza kukosea kwa mita 100 hivi. Usiku wa Mei 1, 2000, kwa agizo la Rais Bill Clinton, uvurugaji huo ulizimwa, na kosa likapungua hadi mita 20 au chini yake. Tangu hapo ikawa rahisi zaidi kwa kifaa kujua gari liko kwenye barabara ipi.

Kilichogharimu ni ramani. Kampuni mbili, Tele Atlas na Navteq, zilituma magari kupita mtaa kwa mtaa yakirekodi majina ya barabara, njia za upande mmoja na makutano ambako ni marufuku kukata kona. Kazi hiyo haina mwisho, maana barabara hufungwa na nyingine hujengwa kila mwaka. Aliyetaka kuitumia ramani hiyo kuelekezea madereva alilipa ada, na ada ikaingia kwenye bei aliyotozwa mteja. Biashara ilionekana ya uhakika kiasi kwamba mwaka 2008 TomTom iliinunua Tele Atlas kwa takriban euro bilioni 2.9, na Nokia ikaichukua Navteq kwa dola bilioni 8.1.

Google yenyewe ilikuwa mteja wa Tele Atlas. Lakini magari yake ya Street View yalikuwa tayari barabarani yakipiga picha, na Oktoba 2009 ilianza kutumia ramani yake kwa upande wa Marekani. Ikawa kama mpangaji aliyehamia kwake: hakuna tena wa kumlipa kodi. Kwa kuwa mapato yake makubwa yalitoka kwenye matangazo, iliweza kugawa bure bidhaa ambayo wenzake waliitegemea kwa chakula chao. Januari 2010 Nokia nayo iliondoa ada ya kuelekeza njia kwenye simu zake. Mwaka 2015 ilikubali kuwauzia Audi, BMW na Daimler biashara yake ya ramani kwa euro bilioni 2.8, fedha ambazo ni pungufu sana kuliko ilizotoa kuinunua Navteq peke yake.

Google ilikuwa imeshaicheza karata hiyo ya kugawa bure miaka kadhaa kabla. Kampuni changa ya Keyhole ya California ilitengeneza EarthViewer, programu ya kuitazama dunia kwa picha za setilaiti, ambayo CNN iliitumia kuwaonyesha watazamaji vita vya Iraq mwaka 2003. Google iliinunua Keyhole Oktoba 2004, na papo hapo bei ikashushwa kutoka dola 69.95 hadi 29.95. Juni 2005 programu hiyo ikatoka upya kwa jina la Google Earth, bure. Toleo la wataalamu liliendelea kutozwa dola 399 kwa mwaka hadi Januari 2015, nalo lilipofanywa la bure. Wapimaji ardhi na wahandisi waliolilipia walikuwa wamenunua muda: miaka ya kuitumia zana hiyo kazini kabla ya wengine.

Bure hiyo, hata hivyo, iliishia pale ramani ilipoishia. Mwaka 2009 Kibera, jijini Nairobi, ilikuwa karibu tupu kwenye ramani za mtandaoni. Ndipo vijana wa mtaa huo, kupitia mradi wa Map Kibera, walipozunguka na vifaa vya GPS wakiandika vichochoro, zahanati na vituo vya maji, na kuviingiza kwenye OpenStreetMap, ramani huria iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004. Dar es Salaam, mradi wa Ramani Huria ulioanza 2015 uliwatumia wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi kuchora maeneo yanayokumbwa na mafuriko. Huko gharama ililipwa kwa miguu.

Na ankara ya fedha haikufutwa, ilibadilishwa jina la mlipaji. Kabla ya Julai 2018, tovuti ya kampuni iliweza kuonyesha ramani za Google hadi mara 25,000 kwa siku bila malipo. Baada ya hapo ikawekewa salio la dola 200 kwa mwezi, lililotosha mara 28,000 hivi kwa mwezi mzima. Nyaraka ambazo Uber, kampuni ya teksi za mtandaoni, ilizitoa mwaka 2019 ilipokuwa ikijiandaa kuuza hisa zake zinaonyesha kuwa iliilipa Google dola milioni 58 kwa ajili ya ramani kati ya 2016 na 2018. Dereva wa teksi ya namna hiyo wa Nairobi au Dar es Salaam anayefuata mstari wa buluu kwenye simu yake hatozwi kitu. Gharama ya mstari huo ni miongoni mwa zile ambazo nauli ya abiria wake inapaswa kuzifidia.