Kipimo Kabla ya Maana: Unywele wa Saussure na Mjadala wa Unyevu wa Hewa, 1783–1845

Historia ya upimaji wa unyevu wa hewa kwa kawaida husimuliwa kama msururu wa vyombo, kila kimoja kikiwa bora kuliko kilichokitangulia. Simulizi hiyo ina upungufu mmoja mkubwa: huchukulia kwamba wapimaji walijua tangu mwanzo ni kitu gani walichokuwa wakikipima. Insha hii inashikilia kinyume chake. Katika karne ya 18 kipimo kilitangulia maana yake, na mgogoro uliozuka kati ya wanazuoni wawili wa Geneva, Horace-Bénédict de Saussure na Jean-André Deluc, unadhihirisha jambo hilo.

Kabla yao zilikuwapo njia mbili. Ya kwanza ilitegemea vitu vinavyonyonya maji: tangu karne ya 15 Nicholas wa Cusa alieleza jinsi sufu iliyowekwa kwenye mizani inavyoongezeka uzito hewa inapokuwa na unyevu. Ya pili ilitegemea umande. Katika karne ya 17 Ferdinando II de' Medici, mtawala wa Toscana, alitumia chombo kilichopozwa kwa barafu, ambacho nje yake palitonesha matone ya maji. Mwaka 1751 Charles Le Roy wa Montpellier aliipa njia hii ya pili msingi wa kinadharia. Alipoza maji ndani ya chombo cha glasi hadi umande ukaonekana, akadai kwamba hewa huyeyusha maji kama maji yanavyoyeyusha chumvi, na kwamba hewa ya baridi hushiba upesi kuliko ya joto.

Saussure alichapisha utafiti wake mwaka 1783. Alichagua unywele wa binadamu, akauchemsha katika maji yenye magadi ili kuuondolea mafuta, kisha akaufunga kwenye mshale ulioonyesha jinsi unavyorefuka na kufupika. Ugumu haukuwa katika unywele wenyewe, bali katika kuamua ncha mbili za skeli. Sifuri aliipata ndani ya kengele ya kioo yenye chumvi za alkali zilizokaushwa kwa moto. 100 aliipata ndani ya kengele ambayo kuta zake zililoweshwa maji. Kigezo chake cha ubora kilikuwa upatanifu: haigromita mbalimbali za aina hiyo, zikiwekwa mahali pamoja, zionyeshe namba zinazokaribiana.

Deluc, ambaye wakati huo alikuwa akiishi Uingereza, hakuridhika. Yeye alikuwa ameanza na pembe ya ndovu, kisha akahamia kwenye ukanda mwembamba wa ule mfupa wa kinywani mwa nyangumi. Kwake, unyevu wa juu kabisa ulipatikana kwa kuzamisha kifaa majini, si kwa kukiacha katika hewa yenye mvuke. Aidha, aliushutumu unywele kwamba unapokaribia kilele cha unyevu huweza kurudi nyuma badala ya kuendelea kurefuka. Saussure alijibu kwa maandishi ya utetezi mwaka 1788. Mzozo huo haungeweza kumalizwa kwa kuviweka vyombo viwili bega kwa bega, kwa sababu kila mmoja aliita jambo tofauti kwa jina moja la unyevu kamili.

Kinachostahili kuzingatiwa zaidi ni nafasi ya kila mmoja katika nadharia. Saussure aliamini kwamba maji huungana na moto yakawa mvuke, kisha mvuke huo huyeyuka hewani. Deluc alikana kwamba hewa ni kiyeyushi. Mwaka 1801 John Dalton wa Manchester alionyesha kwamba kiasi cha mvuke kinachoweza kuwapo katika nafasi fulani hutegemea halijoto, wala hakitegemei kuwapo kwa hewa. Hivyo Deluc, aliyeshindwa kuuondoa unywele, ndiye aliyekuwa karibu zaidi na ukweli kuhusu mvuke. Naye Saussure, ambaye nadharia yake iliachwa, ndiye aliyerithisha chombo kilichodumu.

Baada ya Dalton, swali lenyewe lilibadilika. Unyevu sasa ulieleweka kama uwiano: mvuke uliopo ukilinganishwa na ule unaoweza kuwapo katika halijoto hiyo. Katika nyuzi 30 za Selsiasi, mita moja ya ujazo huweza kuwa na takriban gramu 30 za mvuke. Katika nyuzi 20, takriban gramu 17. Kwa hiyo hewa ya nyuzi 30 yenye gramu 17 ina unyevu wa asilimia 57 hivi, na ikipozwa hadi nyuzi 20 umande huanza kujitokeza. Kwa kigezo hiki, Gay-Lussac alibaini kwamba skeli ya Saussure hailingani moja kwa moja na uwiano huo: unywele ulisoma karibu 72 pale hewa ilipokuwa na nusu tu ya mvuke wake.

Njia ya umande nayo iliboreshwa. Mwaka 1820 John Frederic Daniell alitumia etha kupoza tufe la kioo; mwaka 1825 Ernst Ferdinand August wa Berlin alieneza matumizi ya vipimajoto viwili, kimoja kikavu na kingine kilichofungwa kitambaa chenye maji, ambapo tofauti ya usomaji huongezeka kadiri hewa inavyokauka. Mwaka 1845 Victor Regnault alizipima upya njia hizi zote kwa uangalifu mkubwa.

Inahitimishwa kwamba unywele haukuthibitishwa na nadharia iliyouzaa, wala haukuangushwa pamoja nayo. Ulisahihishwa, ukapewa jedwali la kutafsiria namba zake, ukaendelea kutumika katika vituo vya hali ya hewa hadi karne ya 20. Mtafiti anayesoma rekodi za zamani za unyevu hana budi, kwa hiyo, kuuliza kwanza 100 ya mwandishi wake ilimaanisha nini.