Mbatizwa Mbele ya Hakimu: Waongofu wa Kikristo katika Sheria za India

1. Utangulizi

Mtu anapobatizwa, Kanisa humwandika katika kitabu chake na kumkaribisha mezani pa Bwana. Lakini mtu huyo hurudi nyumbani. Huko ana baba na ndugu, ana mke au mume, ana shamba, tena ana nafasi yake katika jamaa. Je, ubatizo umebadili nini katika hayo yote? Swali hili halimhusu mchungaji peke yake. Hakimu naye huulizwa, na jibu lake laweza kumnyang'anya mtu kiwanja au kumrudishia.

Katika makala haya tunakusudia kuchunguza jinsi sheria za India zilivyolijibu swali hilo tangu mwaka 1850. Tumeichagua India kwa sababu mbili. Kwanza, ndiko kazi ya Kilutheri ilikotutangulia. Bartholomäus Ziegenbalg na Heinrich Plütschau walifika Tranquebar mwaka 1706. Misheni ya Leipzig, iliyokuja kuirithi kazi ile katika karne ya 19, ndiyo iliyotuma wamisionari wake Kilimanjaro mwaka 1893. Pili, sheria za India si ngeni kwetu. Kuanzia mwaka 1920 serikali ya Kiingereza ilizitumia nyingi kati ya hizo katika Tanganyika, na hata sheria zetu za mikataba ya mwaka 1961 na za ushahidi ya mwaka 1967 zilichotwa katika sheria za India za mwaka 1872.

Hoja yetu ni kwamba sheria za India hazikuwa na jibu moja. Katika urithi zilisema mbatizwa ni yule yule wa jana. Katika tabaka zilisema amekuwa mtu mwingine. Na Kanisa, tutakavyoona, lilichangia utata huo.

2. Urithi

Kwa desturi ya Wahindu, mtu aliyeiacha dini ya baba zake alihesabiwa kama aliyekufa. Alitengwa na jamaa, wala hakuwa na fungu katika mali. Serikali ya Kampuni ya Kiingereza iliigusa desturi hiyo kwanza huko Bengal kwa kanuni ya mwaka 1832. Kisha ikatunga Sheria namba 21 ya mwaka 1850, ambayo ilienea katika nchi zote zilizokuwa chini ya Kampuni. Ilitamka kwamba sheria au desturi yoyote inayomnyima mtu mali au haki ya kurithi kwa sababu ameacha dini, au ametolewa katika tabaka lake, haitatekelezwa tena mahakamani.

Wamisionari wengi waliifurahia. Wahindu wa Bengal na Madras waliandika malalamiko, na yafaa tuyasikilize kwa haki. Walisema kwamba mrithi hupewa mali pamoja na wajibu: yeye ndiye amtoleaye marehemu baba yake sadaka za mazishi na za ukumbusho. Mwana asiyeweza tena kuutimiza wajibu huo atapokeaje mali iliyofungamana nao? Hiyo haikuwa hoja ya uchoyo. Ilikuwa hoja ya watu ambao kwao mali na ibada ni kitu kimoja. Maasi makubwa yalipotokea mwaka 1857, sheria hiyo ilitajwa miongoni mwa mambo yaliyowatia watu hofu kwamba serikali inataka kuwafanya Wakristo. Mwaka 1858 Malkia Victoria alitangaza kwamba hatawalazimisha raia wake wa India kuifuata imani yake. Hata hivyo sheria ya mwaka 1850 haikufutwa wakati huo.

Sheria ile ilimlinda mwongofu mwenyewe. Urithi wa Wakristo kwa jumla uliwekewa utaratibu katika sheria ya mwaka 1865, iliyotungwa upya mwaka 1925. Humo binti na mwana hupata sawa. Lakini katika Travancore, ufalme wa kusini wenye Wakristo wengi wa tangu kale, sheria ya mwaka 1916 ilimpa binti robo ya fungu la ndugu yake wa kiume, au rupia 5,000, kile kilicho pungufu. Mama mmoja Mkristo, Mary Roy, aliipinga mahakamani, na mwaka 1986 Mahakama ya Juu ya India iliamua kwamba sheria ya Travancore ilikwisha nguvu tangu mwaka 1951. Tukumbuke vizuri: aliyekuwa akimnyima binti fungu lake safari hii hakuwa Mhindu aliyemchukia mwongofu. Ilikuwa desturi ya Wakristo wenyewe.

3. Ndoa

Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba asiyeamini akiamua kuondoka na aondoke, na yule aliyeamini hafungwi katika hali hiyo (1 Kor. 7:15). Ni mara chache ushauri wa kichungaji wa Mtume umegeuzwa kuwa sheria ya bunge. Huko India jambo hilo lilitokea mwaka 1866, kwa juhudi za Sir Henry Maine, mjumbe wa sheria katika Baraza la Gavana Mkuu. Vijana wengi waliobatizwa walikuwa wameozwa tangu utotoni, na jamaa za wake zao waliwazuia wasiende kwa mume aliyenajisika. Kijana hakuwa na mke nyumbani, wala hakuwa na ruhusa ya kuoa.

Sheria iliweka utaratibu wa uangalifu. Mwongofu aliyeachwa kwa muda wa miezi sita mfululizo kwa sababu ya dini aliweza kwenda mahakamani. Hakimu alimhoji mwenzake mwenyewe, si jamaa zake. Akikataa kurudi kwa sababu hiyo, shauri liliahirishwa kwa mwaka mzima ili afikiri. Akishikilia kukataa baada ya mwaka, ndoa ilivunjwa, na wote wawili wakawa huru kuoa au kuolewa. Twaona hapa busara ambayo hata wazee wetu wa Kanisa wangeweza kujifunza: anayeulizwa ni mhusika, tena anapewa muda.

Sheria ya Talaka ya mwaka 1869 haikuwa na haki namna hiyo. Mume Mkristo alihitaji kuthibitisha uzinzi wa mkewe tu. Mke, kwa kawaida, alitakiwa kuthibitisha uzinzi pamoja na kosa jingine, kama ukatili au kuachwa kwa miaka miwili. Mizani hiyo ya upande mmoja, iliyofuata sheria ya Uingereza ya wakati ule, ilidumu katika vitabu vya India hadi ilipobadilishwa mwaka 2001. Kwa miaka mingi mwanamke Mkristo alikuwa na njia nyembamba kuliko jirani yake Mhindu, ambaye sheria yake ya ndoa ilitengenezwa upya mwaka 1955.

Mwaka 1872 ikatungwa Sheria ya Ndoa za Wakristo, iliyotaja ni nani awezaye kufungisha ndoa na kwa masharti gani. Wakristo wenyeji waliwekewa umri wa kuoa, sharti la kutokuwa na mke au mume aliye hai, na mashahidi wawili. Mchungaji akawa pia karani wa serikali, kama tulivyo sisi leo tunapotia sahihi hati ya ndoa.

4. Ardhi na tabaka

Sasa tuje kwenye jambo zito zaidi. Mwaka 1845 wamisionari wanne waliotumwa na Johannes Gossner wa Berlin walifika Ranchi, katika nyanda za Chota Nagpur. Wenyeji wa huko, Waoraon na Wamunda, walikuwa wakipoteza mashamba yao kwa wamiliki wageni na wakopeshaji. Wabatizwa wa kwanza, Waoraon wanne, walipatikana mwaka 1850. Wengi waliofuata walitafuta Injili na haki ya shamba kwa pamoja. Birsa Munda, aliyewahi kusoma katika shule ya misheni ya Kijerumani na baadaye akaachana na misheni, aliongoza maasi ya mwaka 1899 hadi 1900, akafa gerezani Ranchi. Baada yake ilikuja Sheria ya Upangaji wa Ardhi ya Chota Nagpur ya mwaka 1908, iliyozuia ardhi ya wenyeji isiuzwe ovyo kwa watu wa nje. Sheria hiyo haikuuliza kama Mmunda amebatizwa. Hata Katiba ya India ya mwaka 1950, ilipoyaorodhesha makabila yanayostahili ulinzi, haikuweka sharti la dini. Mmunda aliyebatizwa alibaki Mmunda.

Haikuwa hivyo kwa watu wa matabaka yaliyoitwa najisi, ambao leo hujiita Wadalit. Amri ya Rais ya mwaka 1950, katika aya yake ya tatu, ilisema kwamba asiyekuwa Mhindu hatahesabiwa kuwa wa matabaka yaliyoorodheshwa, isipokuwa baadhi ya Wasikh. Wasikh wote wa matabaka hayo waliingizwa mwaka 1956, na Wabudha mwaka 1990. Wakristo na Waislamu waliachwa nje. Hivyo Mdalit aliyebatizwa alipoteza nafasi za masomo, za kazi na za uwakilishi zilizotengwa kwa ndugu zake.

Mwaka 1985 Mahakama ya Juu iliamua shauri la Soosai, fundi viatu Mkristo wa Madras. Serikali ilikuwa ikiwapa mafundi viatu wa barabarani vibanda bure, naye akanyimwa kwa sababu ya dini yake. Alishindwa. Mahakama ilisema haikuthibitishwa kwamba mateso ya tabaka yanaendelea ndani ya Ukristo kwa uzito ule ule.

Hapa ndipo Kanisa lilipojikuta pagumu. Ili kumtetea fundi viatu huyo, lilipaswa kusimama mbele ya hakimu na kushuhudia kwamba ndani yake tabaka bado lipo: viti mbalimbali kanisani, makaburi mbalimbali, watoto wasioozana. Na ushahidi haukukosekana. Katika kanisa la Tranquebar la karne ya 18 watu wa matabaka waliketi mbalimbali. Mwaka 1833 Askofu Daniel Wilson wa Calcutta, Mwanglikana, aliagiza tabaka likomeshwe kabisa katika makanisa yake. Walutheri hawakumfuata. Karl Graul, mkurugenzi wa Misheni ya Leipzig tangu mwaka 1844, alifundisha kwamba tabaka ni utaratibu wa kijamii, wala si jambo la kulazimisha mara moja kwa amri ya Kanisa. Na baadhi ya Wakristo walihama kutoka misheni za Kianglikana wakaja kwa Walutheri kwa ajili hiyo.

Tuyaweke mambo hayo mawili pamoja. Kanisa lilisema tabaka ni jambo la jamii, si la imani. Baada ya miaka mia moja serikali ikasema tabaka ni jambo la dini ya Kihindu, kwa hiyo Mkristo hana. Kila mmoja alimsukumia mwenzake mzigo, na katikati yao akasimama fundi viatu bila kibanda.

5. Uhuru wa kuhubiri

Kifungu cha 25 cha Katiba ya India kinampa kila mtu haki ya kukiri, kuishika na kuieneza dini yake. Lakini majimbo ya Orissa, mwaka 1967, na Madhya Pradesh, mwaka 1968, yalitunga sheria za kuzuia uongofu wa nguvu, hila au kishawishi. Mwaka 1977 Mahakama ya Juu ilizithibitisha, ikisema haki ya kueneza dini si haki ya kumwongoa mtu mwingine. Majimbo mengine yamefuata, kama Uttar Pradesh mwaka 2021. Sisi tunaona hatari katika sheria hizo, maana neno kishawishi laweza kutanuliwa hata likaigusa zahanati na shule. Lakini hofu inayozizaa ni ile ile ya mwaka 1850, kwamba ubatizo ni njia ya kujipatia mali au ya kuwanyang'anya wengine.

6. Hitimisho

Tumeona kwamba ubatizo haufanyiki mahali pasipo sheria. Mchungaji anayembatiza mtu India alimgusa pia katika urithi, ndoa, shamba na nafasi yake nchini, apende asipende. Nasi huku kwetu, tunapompokea mume wa wake wawili, au binti ambaye ukoo umemnyima fungu, tunagusa mambo hayo hayo. Mafundisho ya falme mbili hayakutolewa ili mchungaji aseme, hilo ni la serikali, kisha afunge mlango wa ofisi ya usharika.

Tunashauri basi mambo mawili. Wanafunzi wa teolojia wafundishwe sheria za ndoa, mirathi na ardhi za nchi yao, kwa kuwa washarika watawauliza. Tena kila usharika ujichunguze katika viti vyake, makaburi yake na mabaraza yake, kabla haujaiomba mahakama ihukumu kwa haki. Kanisa la India liliitwa kutoa ushahidi juu ya dhambi yake mwenyewe ili ndugu mmoja apate kibanda cha kushonea viatu. Ushahidi huo ungekuwa mwepesi kama toba ingalitangulia.